Gari la Carine na Umeme wa Avenue Yetu

Bukavu, Kadutu
Jumapili, tarehe 6 Oktoba 2024

Mpendwa mudogo wangu Hugues,

Nakusalimu sana, wewe na mke wako Lucie na watoto wenu, kwa jina la Bwana aliyetulinda mpaka leo. Habari za huko Namur? Na lile bega lako, bado linakusumbua baridi ikianza? Lucie aliniambia unakataa kwenda kwa daktari, eti litapona lenyewe. Nenda, Hugues. Wewe si kijana tena, hata kama kwenye picha unaficha upara kwa kofia.

Sisi huku tuko wazima. Goti langu linanisumbua nikiteremka sokoni, lakini nikipanda linanyamaza, na kwa mji wetu huu wa milima hiyo ni nusu ya uzima. Mvua zimeanza vizuri. Nimepanda maharagwe nyuma ya nyumba, na lengalenga, mchicha wetu, ziko, ingawa nusu yake zimeharibiwa kwa sababu utakayoisoma hapa chini.

Carine, binti yangu na mpwa wako, yuko katika mwezi wa nane. Anakula, analala, na mtoto anacheza tumboni. Najua ndiyo habari unayotaka kusikia kabla ya zote, kwa hiyo nimeiweka hapa juu.

Nakuandikia kwa mkono wangu kwa sababu kwenye simu haunipi nafasi. Nikianza kueleza jambo unanikata, unasema, "Yaya, nipe chiffre tu," kana kwamba dada yako mkubwa ni mashine ya kutoa hesabu. Haya, padri mmoja wa parokia yetu anasafiri kuja Ubelgiji, amekubali kunibebea barua, na barua haina kidole cha kunikata.

Ule ujumbe wako wa mwisho niliusikiliza nikiwa jikoni, nikauzima, nikakaa. Ulisema kwamba ile borne ya kuchajia gari, kwako nyumbani ilifungwa na fundi mmoja kwa asubuhi moja. Ukauliza ni borne gani ya Bukavu inayokula pesa mara tatu, na ni nani anayeila pamoja nayo. Nilikasirika, nisikudanganye. Siku mbili sikukujibu. Lakini baadaye nilijiweka mahali pako. Mtu anaamka gizani, anasukuma masanduku kwenye depo mpaka bega linakataa, anatuma pesa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na machoni mwake haoni kitu ila simu inayomwomba tena. Hata mimi ningeuliza. Kwa hiyo maneno yale nimeyasahau, usiyarudie kuomba samahani kila ukipiga, utanichosha.

Acha nianze mwanzoni, maana najua Lucie pia atasoma. Carine alipoteza mimba mbili. Zote mbili zilimtoka katika mwezi wa tano, na zote mbili alikuwa akienda kazini kule Mumosho, kwenye kituo cha afya anakofanya kazi ya unesi. Wewe unaijua ile njia. Taxi haziteremki mpaka kule, ni pikipiki tu, na ukifika mwili wote unauma kama mtu aliyepigwa. Alipopata mimba hii ya tatu daktari alimwambia waziwazi kwamba kazi anaweza, pikipiki hapana. Kuacha kazi ilikuwa ngumu, kwa sababu alingoja miaka mingi mpaka serikali imtambue, na akiondoka tu mwingine amekaa kwenye kiti chake. Ndipo wewe ulipotafuta lile gari dogo jeupe la umeme, ukaligharamia mpaka Kigali, likavuka mpaka likafika kwetu. Siku lile gari lilipoingia kwenye parcelle, hapa uani kwetu, Carine alikaa kiti cha mbele akalia. Sijawahi kukuambia hilo, na nilitakiwa kukuambia.

Watu wa avenue walikuja kulitazama. Motari mmoja, dereva wa pikipiki, aliinama nyuma akatafuta bomba la moshi, akazunguka mbele, akarudi nyuma tena, akaondoka bila kuaga. Nafikiri alidhani tumepunjwa.

Pesa yako ya kwanza ilinunua lile boksi lenyewe la kuchajia na kumlipa Venant, fundi wa umeme wa hapa mtaani. Hiyo unaijua, picha nilikutumia. Venant alilifunga ukutani, akasogea kulitazama, kisha akatazama waya unaoingia nyumbani kwetu kutoka kwenye nguzo. Ni ule ule waliouvuta wakati wa marehemu baba, umekuwa mwembamba kama kamba ya kiatu. Alisema boksi likivuta kwa nguvu zake waya ule utaungua na nyumba pamoja nao. Basi tukanunua waya mnene wa shaba, tukaupitisha juu kabisa, maana shaba ikining'inia chini kwetu hailali, wezi wanaikata usiku huo huo. Halafu ikabidi kuzika chuma ardhini ili umeme ukikosea njia ushuke huko, usiingie mwilini mwa mtu. Mlima wetu ni mawe matupu. Mahali pekee palipokuwa na udongo ni katikati ya lengalenga zangu, na Venant akachimba hapo hapo, nami nimesimama naangalia. Hiyo ndiyo pesa ya pili. Ilikaribia bei ya ng'ombe mzuri, lakini waya upo, njoo uuone.

Sasa ya tatu. Hii ni kosa letu sisi wenyewe, na nikifikiria huwa nacheka, kisha kicheko kinanikwama.

Huko kwenu mtu akinunua gari jirani analiona dirishani, basi, imekwisha. Hapa unajua, kitu kikubwa kikiingia nyumbani bila avenue kukibariki watu watasema unajificha, na wewe mwenyewe hautalala vizuri. Nilimwomba padri aje Jumapili baada ya misa. Nilisema nitapika kidogo. Wamama wa avenue wakanikatalia, eti Carine ni mutoto yao pia, kila mmoja atapika nyumbani kwake, atakuja na sufuria yake. Kwa nini nikatae? Na kwa kuwa makala, yale makaa ya kupikia, yamepanda bei siku hizi, kila mmoja akapikia kwenye resho ya umeme. Bahati mbaya siku hiyo umeme ulikuwepo tangu asubuhi, haukukatika hata dakika, na sisi tukasema Mungu ametukumbuka. Nyumba hii bugali na maharagwe, nyumba ile mchele wa Luberizi, ile nyingine sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Avenue nzima resho zimewaka nyekundu.

Padri akafika, akasali vizuri. Alipochukua maji ya baraka Venant alimshika mkono akamwomba asimwagie boksi, amwagie magurudumu tu. Watu wakacheka, padri pia. Kisha mtu mmoja akasema wanataka kuona gari likila. Venant alikuwa amekunywa bia yake, amevaa shati jipya, ameheshimika. Akachomeka, akabonyeza, taa ya kijani ikawaka. Tukapiga makofi.

Hatukumaliza kupiga. Kule pembeni, kwenye kabine inayogawa umeme kwa avenue yote, tulisikia kishindo kama mfuko wa simenti umeanguka kutoka juu ya lori. Moshi mweusi ukapanda, harufu ya mafuta ikaja mpaka kwetu, na muziki ukakatika katika nyumba zote kwa mara moja. Padri alikuwa bado ameshika maji yake. Tulikula maharagwe nusu mabichi, Hugues.

Giza lile lilikaa majuma mengi. Maman Amisa, jirani yetu wa ukuta mmoja, mwenye kuuza sambaza za barafu, congélateur yake ya kugandishia samaki ilikuwa imejaa. Alianika alizoweza, zilizobaki akazimwaga kwenye shimo. Pascal wa kuchomea vyuma alikaa mbele ya atelier, karakana yake, mikono mapajani. Hakuna aliyenitukana. Walinisalimu kila asubuhi kama kawaida, "Maman Rosalie, umeamuka aje?" na hiyo ndiyo iliyoniumiza. Kwetu kabine ikiungua avenue yenyewe ndiyo inachanga, usipochanga unakaa gizani na wenzako wanakaa nawe. Papa Kalume, chef d'avenue, mkuu wa mtaa wetu, alizunguka mlango kwa mlango, na wale niliowazimia taa wakatoa chao kwa ajili ya taa niliyoizima mimi. Niliona haya kukuambia kwenye simu. Nilisema tu, "Tuma tena, borne inahitaji." Pesa yako ya tatu iko ndani ya ile kabine, yote. Na Mushagalusa, mume wa Carine, mukwe wetu unayemshuku, aliuza televisheni yake akaongeza. Mwambie neno zuri siku moja, hata kama ni dogo.

Wakati huo gari lilikuwa limelala kwenye parcelle, kuku wanapumzika chini yake. Carine aliomba likizo, ikawa haijaja. Jumatatu moja niliamka nikakuta kitanda chake kitupu. Mushagalusa alikuwa amekwenda kufundisha, hakujua. Carine alikuwa amepanda pikipiki kwenda kazini, amekaa upande, akimwambia motari aende polepole. Sikumgombeza aliporudi, kwa sababu alirudi ameshika ukuta.

Hugues, niliona damu. Ilikuwa kidogo, lakini sisi wanawake hatuhitaji nyingi ili kuelewa. Tulimbeba hospitali kwenye taxi ya jirani, na njiani aliniuliza swali moja tu, "Maman, hii nayo?" Nilimshika kichwa nikasali Salamu Maria, nikikosea maneno ninayoyajua tangu utoto. Daktari alisema mtoto bado ameshika, lakini mara nyingine hatashika. Sikukupigia simu siku ile. Ungefanya nini ukiwa mbali hivyo, zaidi ya kushindwa kulala kama mimi? Na usianze kujilaumu sasa kwamba ungelituma hiki au kile mapema. Ulituma gari, sisi ndio tuliolipikia sherehe.

Umeme uliporudi niliogopa kuliko wakati wa giza. Papa Kalume aliita watu wote kwenye parcelle yake. Muzee huyu na babu zake ni watu wa biashara kutoka pwani, waliokuja kupitia Uvira, ana sauti ya chini na hapendi kelele. Aliuliza tufanye nini na gari la Maman Rosalie. Pascal akasimama, akasema kweli yake, kwamba hana ubaya na mimi, lakini familia yake inakula kwa umeme ule, na gari liende kula mahali pengine. Sikuweza kumlaumu. Nilikuwa nimejitayarisha kusema sawa. Niliwaza Carine abaki nyumbani, kazi ipotee, basi.

Maman Amisa akasimama. Nilitazama chini, maana mimi ndiye niliyemharibia mali. Akasema hivi, nayaandika kama alivyosema:

"Mimi samaki yangu ilioza, ile imeisha. Mutoto haiko samaki. Mardi na vendredi mimi nitapika na makala. Gari ikule."

Akakaa. Mama mmoja nyuma akasema yeye pia makala, siku hizo mbili, Jumanne na Ijumaa. Mwingine akasema watoto wake wamezoea viazi vya jana. Pascal alijikuna kichwa, mwishoni akasema atafunga atelier mapema siku hizo, lakini mtu asimwombe na siku nyingine. Venant alishusha nguvu ya boksi livute polepole, na ikawa sheria ya avenue.

Tangu hapo kila mardi na vendredi jioni Papa Kalume anapita na fimbo yake, anagonga mageti kidogo, anasema, "Resho, wamama, resho." Moshi wa makala unapanda kila nyumba. Gari linakula taratibu, taa zetu hazitetemeki, na asubuhi Mushagalusa anamshusha mke wake Mumosho kabla ya kwenda kufundisha. Lipo shimo moja baada ya daraja, analipita kama mtu anayebeba mayai.

Kwa hiyo unaponiuliza gharama ya kuchajia gari nyumbani, chiffre yako ninayo na nitakutumia kwenye simu, senti kwa senti. Lakini makala ya avenue nzima sijui nikuandikie wapi. Nilimpelekea Amisa pesa ya samaki zake. Alizitazama, akanifungia viganja vyangu, akaniuliza kama nimekuja kumtukana. Basi lile boksi kubwa zaidi ulilosema utalinunua, linalochaji haraka, tafadhali usilitume. Haraka yake itatuzimia watu wote.

Nakomea hapa leo, padri anapita kesho kuchukua barua.

Jumanne, tarehe 22 Oktoba

Hugues, padri hakusafiri, karatasi zake zilichelewa, na barua hii ilikaa ndani ya Biblia yangu. Kwenye simu ulisikia nikilia na kucheka ukakata tamaa kuelewa, kwa hiyo sasa nakuandikia vizuri.

Maji ya uzazi yalimvunjikia Carine siku ya mercredi, Jumatano, saa ya mchana, akiwa nyumbani anaanua nguo. Ilikuwa mapema mno, mwezi wa nane haujaisha. Mvua ilikuwa inanyesha, taxi hakuna, na pikipiki nisingekubali hata kwa bunduki. Lakini siku iliyotangulia ilikuwa mardi. Gari lilikuwa limeshiba. Mushagalusa aliitwa kutoka shuleni akaja mbio na chaki mikononi, akaendesha bila kupiga honi hata mara moja, mimi nyuma namshika mtoto wangu. Gari lile halina sauti, unajua. Nilisikia kila pumzi yake mpaka hospitali.

Ni msichana. Ni mdogo sana, wakamweka kwenye mashine ya joto siku kadhaa, na mimi sikutaka kusema kwa nguvu kwamba yuko hai, niliogopa. Nesi alinipa nimshike alipotolewa. Alinikunjia uso, akalia kwa hasira, na nikamwambia alie tu, alie mpaka achoke, hakuna atakayemnyamazisha. Ana masikio ya marehemu baba, yale yaliyosimama, pole kwake.

Leo ametoka. Nataka nikuelezee namna tulivyofika nyumbani. Zile mara mbili za kwanza, wakati wa kurudi kutoka hospitali, Carine alinisihi tupitie njia ya nyuma, ile ya kwenye mifereji, ili asionane na mtu. Nilimfunika kitenge kichwani tukapita kama wezi. Leo tulipofika chini kabisa, pale avenue inapoanzia, alimwambia Mushagalusa asimamishe gari. Nilidhani anaumwa. Alifungua mlango, akashuka na mtoto wake mikononi, akaanza kupanda mlima kwa miguu, katikati ya njia.

Mimi nilimfuata na goti langu. Mushagalusa alikuja nyuma na gari tupu, polepole. Carine alisimama mbele ya kila geti, akafunua blanketi kidogo, akangoja watazame vizuri, akafunika, akaenda geti lingine. Pascal alizima mashine yake akavua miwani. Maman Amisa alitoka na mikono imejaa magamba ya samaki, akasema hawezi kumshika hivyo alivyo. Carine akamwekea mtoto mikononi hivyo hivyo.

Mshukuru Lucie kwa zile nguo ndogo, zitamtosha akikua kidogo. Msalimie tantine Colombe ukimwona kule Liège, na watoto wabusu mmoja mmoja. Huku wanakusalimu Carine, Mushagalusa, Papa Kalume, Maman Amisa, na mjomba wetu wa Luhwindja ambaye hajui kinachoendelea lakini anauliza kila siku utakuja lini. Bwana akupe afya, akutunzie kazi yako, na mkono ule uliotupa usikaukiwe na neema yake.

Ni mimi yaya wako, nikupendaye hata ukinikata maneno,

Rosalie